Nilimwambia Mama Afunge Mdomo

Nina miaka thelathini na minne, naishi Lizaboni hapa Songea, na kazi yangu ni kuchora meno kwenye kompyuta. Msicheke! Mtu akishapandikiziwa skrubu kwenye taya, napitisha skana mdomoni mwake, picha inaingia kwenye programu, nami nachora jino la kukaa juu ya skrubu hiyo. Mashine ndiyo inayolichonga.

Nilikuwa na mchumba, daktari wa kliniki yetu. Nitamwita Erasto. Barua ya posa ilishapokelewa. Mama yangu, mjane wa Matogoro, alipong'olewa gego la chini, Erasto alisema huyo ni mama yake, atampandikizia mwenyewe.

Ndugu zangu, kwetu mama na mkwewe ni watu wa kuoneana haya. Kwa mama, kuachama mbele ya mkwewe yalikuwa mateso! Kila alichoulizwa alijibu, "Sawa, baba."

Skrubu ilishika vizuri. Ikaja siku yangu ya kupiga picha, nami nilikuwa na haraka zangu. Ili programu ijue meno ya juu na ya chini yanakutanaje, mgonjwa lazima aume meno. Mimi nikamwambia, "Funga mdomo, mama." Mama wa watu akafunga midomo... meno hayakugusana! Sikuangalia. Nikachora jino la kujaza uwazi huo, refu kuliko nafasi yake.

Erasto alipolifunga jino hilo alimpa mama karatasi ya rangi aume, ili aone kama linazidi. Kwa aibu mama akauma kidogo tu. Erasto akamuuliza, "Linakusumbua, mama?" Akajibu, "Sawa, baba."

Kumbe kila akitafuna, jino lile lilibeba mzigo wote peke yake. Alivumilia miezi! Alipokuja kuniambia, shavu lilikuwa limevimba, mfupa umeliwa, na skrubu inacheza kama msumari kwenye ubao uliooza. Ikatolewa.

Nilifungua faili lake kwenye kompyuta, nikauona uwazi kati ya meno. Je, nilisema? Sikusema... Wajomba walipouliza nani kamharibu dada yao, nilijibu kwamba skrubu ilipandwa vibaya.

Erasto alikuwepo. Alinitazama tu, hakujitetea hata kwa neno moja. Mjomba akamrudishia barua yake, akamwambia, "Umemuumiza mkweo, binti hatukupi." Kliniki nayo ikamwachisha kazi. Akahama mkoa.

Miaka miwili dhamiri ilinitafuna. Mwishowe nikamwandikia ujumbe mrefu, nikakiri yote, nikamwomba turudiane. Alijibu siku hiyo hiyo:

"Skrubu ilipotolewa, faili nililiona kabla yako. Nilinyamaza nione kama utasema. Sasa nina mke. Msalimie mama, mwambie yeye hakukosea."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Nikaenda Matogoro kumweleza mama. Aliniuliza swali moja tu: "Kumbe mtoto wa watu tulimfukuza bure?" Tangu hapo salamu yangu anaitikia, mazungumzo hataki. Nimlaumu nani?

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Jino likikosewa linachorwa upya, hata mara tatu. Ukiligundua kosa lako asubuhi, liseme asubuhi hiyo hiyo. Mimi nilingoja nipate ujasiri... na mtu aliyekuwa ananingoja akachoka.