Mtambo Uliolala Saa Sita Lituhi

Mbasa, samaki wa ziwani, walikuwa wamelala chali ndani ya chumba cha baridi, macho meupe, harufu imeshafika barabarani. Mtambo ulikuwa ukinguruma kama kawaida. Inspekta Hilda akashika kiuno. Samaki wanaozaje kwenye baridi?

Mama Anjelina, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wauza samaki, hakuwa na swali. Mlinzi wa chumba ni Vitalis, mwanawe wa kumzaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyemkabidhi polisi.

"Wenzangu wasije wakasema namficha," alisema.

Vitalis alilala mahabusu, akiapa kwamba hakugusa swichi.

Kesho yake Hilda alimhoji Hedwiga, jirani wa chumba kile.

"Mtambo huzimika?"

"Saa sita usiku kimya. Kumi na mbili asubuhi unaamka. Tangu wiki iliyopita."

"Na usiku wa kuamkia leo?"

"Vilevile."

"Vitalis alikuwa wapi?"

"Si alikuwa kwenu, mahabusu?"

Mtambo uliendeshwa na kompyuta ndogo. Programu aliiandika Praygod wa Mbinga mjini, na wiki iliyopita alikuja kusasisha kompyuta hiyo. Hilda alipanda milima kumfuata. Udadisi ulimwasha kuliko hasira.

"Ulibadilisha nini?"

"Programu, hata herufi moja sikuigusa. Niliweka toleo jipya la lugha ya kompyuta niliyotumia kuiandika."

"Lugha nayo huugua?"

Praygod alicheka kidogo, akakoma. "Kompyuta huanza siku usiku wa manane, kwa sifuri. Akina mama wanasoma saa yetu ya Kiswahili, basi nikaiamuru itoe sita. Sifuri toa sita ni chini ya sifuri. Toleo la zamani liliizungusha ikarudi saa sita. Jipya lina kosa, linaiacha huko chini. Mtambo hauijui saa hiyo, unazima mpaka kuche."

"Nionyeshe."

Aliandika mstari mmoja, akaujaribu kwenye matoleo yote mawili. Majibu yalipishana. Hilda aliinamia kioo, akamtaka arudie mara tatu kama mtoto aliyeona mazingaombwe.

Kisha akanyooka. "Kosa hili uliligundua lini?"

"Jana, niliposikia samaki wameoza."

"Jana Vitalis alilala wapi?"

Praygod aliinamisha kichwa. "Niliogopa, Afande. Wangesema nimeoza mimi, nani angenipa kazi tena? Nilijua yumo ndani. Nikanyamaza."

Jioni Vitalis alifunguliwa. Mama yake alikuwa amesimama kaunta.

"Shikamoo, mama."

Mama Anjelina alipiga magoti mbele ya mwanawe, palepale kwenye saruji.