Uyoga wa Duara la Malishoni

Jua lilikuwa linazama Odile Vernhes alipoingia malishoni na kikapu chake, amefura kwa hasira. Miaka mitatu ya ndoa yake kwenye nyanda za malisho za Aubrac, kila Septemba alikula kimanda cha uyoga cha mama mkwe wake, Léontine, na kila mara yeye peke yake alishikwa na jasho, machozi na kutapika hadi akashindwa kusimama. "Tumbo la mjini hilo," Léontine alikuwa akicheka. Kizee kilizikwa majira ya baridi yaliyopita, lakini Firmin, mumewe, alikuwa bado anaimba wimbo ule ule: hakuna kimanda kama cha mama. Basi leo angekipika mwenyewe, amzibe mdomo.

Uyoga mdogo wa kahawia ulikuwa umeota kwenye majani, umejipanga kwa duara. Duara la wachawi, wenyeji huliita. Odile akainama, akaanza kuchuma.

Harufu ya sufu iliyolowa, ile ya shali ya Léontine, ikamjia puani...

Mkono wenye makunyanzi ukapita kando ya wake, ukatia konzi ya uyoga kikapuni.

"Unachuma kama kipofu, mkazamwana."

Akainua kichwa. Hakuna mtu. Umande haukuwa umekanyagwa popote ila alipopita yeye.

Alikimbia moja kwa moja hadi kwa mfamasia wa kijiji, ambako kila mtu hupeleka uyoga ukaguliwe kabla ya kupikwa. Bi Cazals akawasha taa, akasokota shina la uyoga mmoja. Halikukatika.

"Huu wa kula."

Akachukua mwingine, umbo lile lile, ila umepauka kama uliopakwa unga. Shina likavunjika.

"Huu sumu. Jasho, machozi, na moyo ukiwa dhaifu, ndiyo basi. Nani kakupa?"

Odile akageuka kutazama mlangoni.

"Maana mkweo naye alikuwa akiniletea uliochanganyika," mfamasia akanong'ona. "Kila Septemba. Nikiutenga wa sumu, anataka aondoke nao. Eti akautupe mwenyewe."

Miaka mitatu! Na Léontine, mshenzi yule, ndiye aliyekuwa akimshikia beseni la kutapikia.

Akaiacha sumu pale, akarudi nyumbani na uyoga mzuri tu. Firmin alikuwa jikoni, kikaango kiko motoni. Akachungulia kikapu.

"Ule aliokutilia mama uko wapi?"

Odile hakuwa amemwambia lolote.

"Nani kakwambia kuna wa mama, Firmin?"

Firmin aligeuka polepole, akakitazama kiti kitupu cha Léontine kando ya jiko, akangoja... kama mtu anayetaka kuambiwa aseme nini.