Anwani ya Rahaleo

Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini alasiri, chumba cha kompyuta kilikuwa na wanafunzi wawili tu. Nasra, msichana wa miaka kumi na mitatu wa Kidato cha Kwanza, alikuwa akiijaribu tovuti ya ratiba ya chanjo aliyoitengeneza na rafiki yake Jesca. Ndivyo walivyofanya kila siku baada ya vipindi.

Tovuti ilikuwa na wiki mbili kazini. Mzazi alibonyeza jina la kata yake, akaona siku ya chanjo ya surua. Aliyebonyeza neno "leo" alioneshwa mahali chanjo ilipotolewa siku hiyo. Kila ombi liliingia na anwani yake, kama chanjo/reli au chanjo/ufukoni, kisha jedwali la njia liliamua ni sehemu gani ya programu italijibu. Jedwali hilo aliliandika Nasra, na kesho yake angelieleza mbele ya wageni wa maonesho ya shule.

Mwalimu Beatrice, mlezi wa klabu, aliingia na simu mkononi.

"Sista Yustina wa kituo cha afya anauliza," alisema. "Jumanne ilikuwa zamu ya Rahaleo. Alitarajia watoto thelathini, wamekuja wawili. Kata nyingine hazina tatizo. Mnajua lolote?"

"Wale wanapenda raha, Mwalimu," Jesca alisema. "Jina lenyewe si mnalisikia?"

Mwalimu hakucheka. "Jumamosi saa sita mchana chanjo zilizobaki zinapelekwa Msimbati. Wachanjaji hawarudi huku mpaka mwezi ujao." Akatoka.

Nasra alibonyeza Rahaleo. Skrini iliandika: "Leo hakuna chanjo." Alibonyeza Reli, Ufukoni na Mtawanya, kila moja ilileta siku yake. Alirudia Rahaleo. Jibu halikubadilika.

Alifungua jedwali. Mstari wa kwanza ulisema anwani yoyote inayoishia na "leo" ipelekwe kwenye ukurasa wa leo. Programu husoma jedwali kuanzia juu na kusimama kwenye mstari wa kwanza unaolingana na ombi. Rahaleo inaishia na "leo". Haikuwahi kufika mstari wa pili, ule wa kata.

"Yarabi! Nimewafungia njia mwenyewe," Nasra alisema.

"Rekebisha basi, halafu nyamaza," Jesca alinong'ona. "Kesho utawaambia wageni jedwali lako lilikosea?"

"Nikinyamaza, walioambiwa hakuna chanjo watajuaje kwamba ipo?"

"Wewe nawe! Hata hatujui ni akina nani."

"Idadi yao tunaweza kuijua."

Nasra alifungua kumbukumbu za seva, zinazoorodhesha kila ombi lililoingia. Maombi ya Rahaleo yalikuwa arobaini na moja, na yote yalipelekwa kwenye ukurasa wa leo. Aliurekebisha mstari wa kwanza ukubali neno "leo" likiwa peke yake tu, kisha akajaribu kata zote, moja moja. Alipomaliza, Jesca alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kuijaribu Rahaleo ilikuwa zamu yangu," Jesca alisema taratibu. "Niliona Reli imekubali, nikaweka alama ya vema kote kwenye orodha ya majaribio bila kubonyeza."

"Twende tukaseme yote mawili."

Mwalimu Beatrice aliwasikiliza bila kuwakatiza, akapiga simu na kumpa Nasra.

"Una uhakika, mwanangu?" Sista Yustina aliuliza.

"Ndiyo, Sista. Maombi arobaini na moja yalijibiwa vibaya. Kosa ni letu."

"Kumbe! Nami nilishaanza kuwanung'unikia wazazi wa watu. Haya, Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa Rahaleo. Namwomba mtendaji wa kata apitishe tangazo kwa kipaza sauti."

Ijumaa, Nasra aliwaonesha wageni mistari miwili: wenye kosa na uliorekebishwa. Jesca alieleza alama alizoweka bila kujaribu. Mgeni mmoja aliuliza kwa nini wanafunzi wanatangaza makosa yao kwenye maonesho.

"Kwa sababu kuna watoto waliokuwa wanakosa chanjo," Mwalimu Beatrice alijibu. "Nasra alianza kukagua kazi yake mwenyewe kabla ya kuwalaumu wazazi. Alihesabu maombi, akasema ukweli wakati bado kuna la kufanya. Jesca naye alikiri sehemu yake bila kuulizwa. Wanafunzi wangu, kazi ya watu ifanyeni hivyo: jaribuni kila kitu, na mkikosea, semeni mapema."

Jumamosi, saa tano na nusu asubuhi, mama mmoja aitwaye Saida alikuwa wa mwisho kwenye mstari pale Rahaleo. Sista Yustina alimchanja mwanawe, akaandika kwenye kitabu cha siku: Rahaleo, mtoto wa ishirini na sita.