Betri Ambayo Anne Hakutaka Ifunguliwe

Jirani zangu wa Kindu, sogeeni niwaeleze lililoipata nyumba ya Anne Misenga, ili lisiingie kwenu.

Asubuhi hiyo Anne alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, mlangoni, na mwanawe Dieumerci anafuta pikipiki aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kwa kubeba abiria, pikipiki hiyo ndiyo iliyowalisha. Mara akafika Ngeleka juu ya pikipiki ya umeme, kimya kama baiskeli.

Anne aliacha mchi akamkumbatia. Wakati wa vita walikimbilia pamoja porini, upande wa Pangi. Anne alikuwa mjamzito, miguu imevimba, na Ngeleka alimkatia nusu ya kipande chake cha mwisho cha chumvi. Tangu siku zile, walioonja chumvi moja porini hawapekuani mizigo. Kuomba kuona ni kumtukana mwenzako.

"Dada, tubadilishane," Ngeleka akasema. "Hii yangu hainywi mafuta. Na betri yake njo ile mupya, ngumu mpaka ndani. Hamuna maji ya kuwaka. Hata ukiichaji pembeni ya kitanda, haina neno."

Dieumerci alishika bisibisi. "Mujomba, nifungue kidogo nione."

"Weka chini," Anne akasema.

"Mama, hata nyama ya sokoni tunaigeuzageuza."

"Nyama haikunipa chumvi."

Wakacheka wote watatu. Ngeleka akaondoka na pikipiki ya marehemu.

Sitadanganya, ile ya umeme ilifanya kazi vizuri wiki saba. Anne hata alimpelekea Ngeleka samaki wakavu wa Lokandu kumshukuru.

Jumapili moja, saa sita mchana, betri ilikuwa inachajiwa kwa umeme wa jua chumbani, karibu na godoro alipolala Divine, binti wa Dieumerci, mwenye miaka mitatu. Kukatoka moshi, kisha moto. Dieumerci alimtoa mtoto mzima, lakini yeye mwenyewe mkono wake wa kulia uliungua hadi vidole vikashikana. Espérance, jirani yao, alivua kitenge chake kipya akakilowesha, akaufunika ule mkono. Nyumba ilibaki kuta.

Fundi Mulamba alichokonoa mabaki. "Hii njo betri ya kawaida, Mama. Ilikuwa na maji yenye kuwaka. Karatasi ya jina wamebandika juu ya ingine. Zile ngumu, wenye viwanda bado wanazijaribu. Hapa Kindu sijaona hata moja."

Anne alikwenda kwa Ngeleka kwa miguu.

"Ulijua?"

Ngeleka alitazama chini. "Nilijua. Wengine wote waliomba kuifungua."

Anne aligeuka akaondoka. Alirudi akamlisha mwanawe wali, tonge kwa tonge, kama alipokuwa mdogo.

Funzo

Chumvi ile ilikuwa ya kweli, na Anne hakukosea kushukuru. Alikosea alipomkataza mwanawe kutazama. Wanasema betri ngumu zitakuja, zichajiwe upesi na zisiwake ovyo. Huenda ni kweli, nami ninaziombea zije. Lakini anayekuletea leo, awe ndugu au mgeni, fungua mbele yake, mwite fundi, na uchaji nje, mbali na mtoto aliyelala. Anayekupenda hatakasirika. Atakushikia taa uone vizuri.