Jina Lililoachwa Unyagoni

Haya yalimkuta rafiki yangu Sikudhani wa kijiji cha Mnyambe, mama yake Upendo, mwanamke asiyetia chumvi maneno. Ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa umeanza kula maua ya mikorosho yake, akaenda ghala la ushirika kuuliza salfa, dawa ya kuupulizia, itafika lini. Karani Ashiru akamwingiza kwenye chumba kisicho na dirisha, chenye mashine ukutani.

"Shikamoo, Mama Upendo. Siku hizi hiyo ndiyo inayojibu. Wameitengeneza ili watu waiamini."

"Marahaba. Na wewe kazi yako nini?"

Ashiru akacheka, akafunga mlango. Sikudhani akakaa kwenye benchi, mbali kabisa na mashine. Ikamwamkia kwa sauti laini, tamu ya kukinaisha, kama mabibo yaliyochacha. Salfa itafika Jumatatu, ikasema. Kila baada ya maneno machache alisikia mtu akimeza mate.

Mara umeme ukakatika. Giza totoro. Akaanza kupapasa ukuta kutafuta mlango.

"Niamini," sauti ikasema, kisha ikamwita kwa jina lake la utotoni.

Kwetu jina hilo huachwa unyagoni. Ukishachezwa, anayekuita hivyo amekutukana. La Sikudhani halikuandikwa popote, na waliokuwa bado wakilikumbuka, mama yake na somo yake aliyemfunda unyagoni, wote wamezikwa.

Alipoupata mlango alitoka mbio hadi juani. Ashiru akamuuliza kulikoni. Sikudhani alikuwa anajifuta sikio kwa ncha ya kanga, anafuta tena na tena, kwa sababu lilikuwa limelowa mate mazito, bado yana joto.