Maji ya Kuoshea Kipimajua

Lori lilikuwa limeshawashwa. Akina Hlima walikuwa wamekaa juu ya magodoro yao, mbuzi wanne wamefungwa miguu, na mlango wa nyumba umelazwa juu ya masufuria. Mlango ndio uliomtisha Tuda. Mtu anayeondoka kwa muda haondoki na mlango.

Tuda alikuwa na miaka kumi na miwili. Alisimama kwenye uwanja wa mawe nje ya kijiji cha Tinfoula, kitambaa mkononi. Kila asubuhi kabla ya shule kazi yake ilikuwa kuosha kipimajua, kioo cha mviringo kama nusu ya yai, kilichofungwa juu ya nguzo ili kipime nguvu ya jua. Akishaosha huandika katika daftari tarehe, saa na maji aliyotumia.

"We Tuda!" Hlima, rafiki yake, alipaza sauti kutoka juu ya lori. "Endelea kulikogesha jua lako! Likitakata utuandikie barua!"

"Nenda zako! Mbuzi wasikutapikie tu njiani!"

Wakacheka wote wawili, ila kicheko cha Hlima kilikatika katikati. Lori likaondoka, na vumbi lake likakaa hewani muda mrefu, kwa kuwa hapakuwa na upepo.

Hiyo ilikuwa familia ya saba tangu majira ya kuchipua. Visima vya Tinfoula vilikuwa vimegeuka chumvi, na mitende ilikuwa inakauka kuanzia kileleni. Tumaini lililobaki lilikuwa moja. Chama cha ushirika kilitaka kujenga shamba la umeme wa jua. Umeme mwingine ungeuzwa, na mwingine ungeendesha mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji. Fedha ziliombwa kwenye mfuko wa pensheni ya walimu, kule Rabat, mji mkuu. Mfuko uliuliza ardhi ni ya nani, familia zote zikatia saini. Uliuliza nani atanunua umeme kwa miaka ishirini, mnunuzi akapatikana. Kikabaki kipimo cha jua cha mwaka mzima.

Na kipimo hicho kilikuwa mikononi mwa Tuda, aliyekuwa na siri.

Wapimaji waliokifunga kioo walikuwa wameacha madumu mawili ya maji yasiyo na chembe ya chumvi, ya kuoshea kioo tu. Lakini pale Tinfoula mgeni hapikiwi chai kwa maji ya chumvi, na anayehama hupewa chai ya kuagwa, hata kama nyumba haina kitu kingine. Birika la kukingia maji ya mvua lilipokauka, bibi yake, Bibi Rqiya, aliuliza, "Hakuna maji matamu popote, mjukuu wangu? Watu wanaondoka. Tutawaaga kwa shubiri?" Tuda akachota kikombe kwenye dumu. Familia iliyofuata, vikombe vitatu. Madumu yakaisha. Kwa siku arobaini akaosha kioo kwa maji ya kisima, na daftarini kila siku akaandika: *maji ya dumu*.

Kabla ya adhuhuri, Tuda akiwa ametoka shule, gari jeupe lilisimama kwenye uwanja wa mawe. Alishuka Ghizlane, aliyeitwa Lalla kwa heshima, mwanamke wa makamo kutoka mfuko wa pensheni, miwani usoni na faili kubwa kifuani. Ami Bassou, kaka mkubwa wa baba yake Tuda na mwenyekiti wa ushirika, alimpokea mbio mbio.

"Karibu, Lalla, karibu! Chai iko tayari."

"Chai baadaye, Sidi Bassou. Kamati inakaa Alhamisi, na nina habari isiyo nzuri." Alifungua faili juu ya boneti ya gari. "Jua lenu linapungua."

Ami Bassou alitazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto. "Linapungua? Jua hili? Mwaka jana liliniulia ngamia! Kamuulize ngamia kama linapungua!"

"Mimi nasoma kipimo, ngamia simsomi. Siku arobaini sasa, kinateremka kila wiki. Picha za setilaiti zinasema jua ni lilelile, kioo chenu kinasema limepungua sehemu moja ya kumi. Mmoja anadanganya."

"Basi fuata setilaiti!"

"Siwezi. Fedha hizi si zangu. Ni za walimu waliozeeka wakishika chaki, wanazisubiri kila mwisho wa mwezi. Tukipewa tarakimu mbili, tunachukua ile mbaya. Hatuulizi mradi utaleta nini mwaka mzuri. Tunauliza mwaka mbaya kuliko yote utatufikisha wapi. Kwa tarakimu hii mbaya, mradi haulipi."

"Labda kioo ni kichafu."

"Nilidhani hivyo. Lakini daftari linasema kimeoshwa kila siku, kwa maji ya dumu." Akamgeukia Tuda. "Wewe ndiye unayeandika?"

"Ndiye, Lalla!" Ami Bassou alidakia. "Binti mwaminifu kuliko wote hapa. Hajakosa hata siku moja."

Tuda akinyamaza, jua litahukumiwa kwa kosa lake, na Alhamisi kijiji kitakuwa kimekwisha. Akisema, ataitwa mwongo mbele ya ami yake. Alitazama palipokuwa na mlango wa nyumba ya akina Hlima, tundu jeusi ukutani.

"Nilikiosha kila siku," alisema. "Lakini kwa maji ya kisima. Ya dumu tulipikia chai ya kuwaaga watu. Daftarini niliandika uongo."

Lalla Ghizlane akasogea kwenye nguzo, akapitisha kidole juu ya kioo, akakitazama. Kulikuwa na utando mweupe wa chumvi, mwembamba kama ngozi ya maziwa.

"Ewe mtoto!" Ami Bassou alinong'ona. "Umetuchimbia kaburi."

Lalla Ghizlane alifunga faili. "Unajua ugumu wake, binti? Kamati wakisikia daftari limesema uongo, watauliza: na saini za ardhi? Na mengine yote? Uongo mmoja unachafua faili zima."

Tuda alianza kulia. Mwanamke yule akaenda garini, akarudi na chupa ya maji safi. "Futa machozi. Sasa kioshe mbele yangu."

Tuda akaosha mara tatu, akakausha. Kwenye skrini ndogo chini ya nguzo namba zikapanda, zikasimama. Lalla Ghizlane alizitazama muda mrefu, akaziandika.

"Tumepona?" aliuliza Ami Bassou.

"Bado. Namba ya adhuhuri moja haijengi kitu. Nitaiambia kamati kila kitu, la chai na la daftari. Siku arobaini zinafutwa, mnapima upya miezi minne, na kila ukurasa utakuwa na saini ya mtu wa pili. Wanaweza kukataa."

"Na huyu mtoto? Nimtoe kazini?"

"Hapana, ataendelea yeye." Akainama, uso wake ukawa sawa na wa Tuda. "Nisikilize. Sitafuti watu wasiokosea, wala sijawahi kuwaona. Nikiweka fedha za wazee hapa, nitakaa nanyi miaka ishirini. Nahitaji mtu atakayeniambia siku ileile mambo yanapoharibika. Dumu lilipoisha ungeandika *limekwisha*, ningeleta jingine kesho yake. Maji yalikwenda kwa wageni, hilo si aibu. Aibu ni siku arobaini za kuandika lisilokuwepo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Lalla."

"Kuanzia kesho andika kilichotokea, hata kikiwa kibaya."

Kamati haikukataa wala haikukubali, ilisema isubiriwe miezi minne. Ilipokwisha na kipimo kuonyesha jua ni lilelile, mfuko ulitoa theluthi mbili tu ya kilichoombwa, na shamba la umeme likajengwa dogo kuliko lililochorwa. Katika miezi hiyo familia mbili zaidi zilihama, na hazikurudi. Bibi Rqiya alifariki wiki tatu kabla mtambo haujatoa maji matamu ya kwanza. Hlima na wazazi wake wako Agadir, wanafanya kazi kwenye mashamba ya nyanya. Lalla Ghizlane alihamishiwa idara nyingine. Ami Bassou bado ni mwenyekiti. Tuda anasoma sekondari katika mji wa Zagora, na siku za likizo yeye ndiye anayeosha kioo. Watu waliobaki Tinfoula ni mia moja na kumi na wanne.