Dakika Sita za Mteremko

Saa 2:00 asubuhi, mwaka 1953. Chumba cha nyuma, mkahawa wa Hanna, Maji ya Chai.

Naftali alichora mteremko ukutani kwa mkaa. Aliwahi kuwa mwalimu wa hesabu, kabla pombe haijamfukuzisha shule. Sasa alifundisha wezi.

"Maili mbili toka kileleni mpaka kona. Lori la kahawa linashuka maili ishirini kwa saa. Dakika sita."

"Una hakika?" Lemburis, mkubwa wao, aliuliza.

"Dereva huyu hapa. Muulize."

Aminiel aliangalia kikombe chake. "Nashuka na gia ya pili. Ishirini, haizidi."

"Gia ndiyo inayolizuia," Naftali akasema. "Bila gia, kitu kinachoteremka hakitulii. Kila dakika kinakwenda mbio kuliko dakika iliyopita."

Dismasi, mwenzao mwingine, angewasha moshi kileleni lori likipita. Dakika ya tano, gogo liwe barabarani. Likiwahi sana, litanasa gari la mtu mwingine. Aminiel angesimama, wamfunge kamba aonekane ameporwa, magunia yapande punda.

Wa kuvuta gogo alikuwa Sifael, mdogo wake Naftali. Hapo ndipo roho ilipomuuma. Alfajiri mama yao alimshika mkono. "Umetoka naye, rudi naye." Naye akaapa, mtu mzima hovyo.

Saa 4:06, kwenye kona. Moshi kileleni.

"Bado," Naftali alisema, saa mkononi.

Saa 4:08.

"Kaka, nianze? Gogo zito hili."

"Anza. Una dakika tatu nzima. Taratibu, usijiumize."

Sifael akaingia barabarani akivuta kinyumenyume, mgongo umeelekea mlimani.

Saa 4:09.

Hakuna aliyesikia injini. Walisikia mabati yakigongana, karibu mno. Lori likatokea kwenye kona kama jiwe lililoporomoka. Breki zikalia, lakini mzigo ulikataa kusimama. Naftali alipiga kelele. Sifael aligeuka. Lori likampitia yeye na gogo lake, likalala mtaroni.

Aminiel alitoka kwa kutambaa, damu usoni.

"Ulisema ishirini," Naftali akamwambia.

"Injini ikiwaka, ndiyo."

"Na leo?"

"Mteremkoni huwa naizima, naliachia lijiendee. Petroli inayobaki nauza."

"Kwa nini hukusema?"

"Mngetaka fungu."

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Ila safari hii kilimwumbua mmoja, kikamchukua mwingine.

"Twende, Mwalimu," Lemburis aliita, tayari na punda wawili. "Huyo amekwisha."

Naftali alikaa vumbini, kichwa cha mdogo wake mapajani. Lemburis akamlaani, akaondoka. Aminiel akamfuata akichechemea.

Saa ilikuwa bado mkononi. Ikafika 4:12, dakika ya sita, ile aliyoipiga hesabu ukutani kwa mkono wake. Barabara ilikuwa tupu na kimya.

Askari walimkuta hapo hapo. Alinyoosha mikono afungwe, akaomba jambo moja tu: wapitie kwanza kwa mama, maana aliapa kurudi na mdogo wake.